Shajara ya mradi: mzio wa piko Unguja, kuanzia Rajabu hadi Mfungo Pili

Rajabu: swali na vifaa

Swali la mradi ni jembamba. Mtu anakuja na ngozi iliyofura kwa kufuata maua ya piko, jani kwa jani, hadi ncha za vidole. Je, ana mzio wa parafenilinidiamini (PPD), kemikali inayoipa piko weusi wake, ameunguzwa tu na dawa kali, au kilichomdhuru ni kitu kingine kilichochanganywa humo? Siku ya kwanza hali zote tatu hufanana kwa macho, lakini ushauri wake haufanani hata kidogo. Aliyeunguzwa anapona na mambo yanaishia hapo. Mwenye mzio wa PPD atakaa nao maisha yake yote, na safari ijayo huenda ikawa usoni na kichwani, akipaka dawa ya nywele.

Hina na piko ni vitu viwili. Majani ya mhina yana losoni, inayotoa rangi ya chungwa ikakolea kuwa nyekundu ya hudhurungi kwa siku moja au mbili. Lazima ikae ngozini saa kadhaa. Mzio wa losoni upo, lakini ni nadra. Piko asili yake ni dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, na weusi huo unatoka kwenye PPD. Kitu kinachofanya ngozi iwe nyeusi tititi chini ya saa moja si hina peke yake, hata kama kimeitwa hina nyeusi. Tunalisema mapema kwa sababu washiriki wengi hujaza fomu kwamba “nilipaka hina”, na dodoso letu linauliza mara mbili: rangi ilikuwa gani, na ilichukua muda gani kushika.

Kalenda ya mradi tumeifunga na miezi ya Kiislamu kwa sababu ya namna mzio huu unavyojengeka. Molekuli ya PPD ni ndogo, uzito wake 108 tu, na kinga ya mwili haiioni ikiwa peke yake. Ikipenya ngozi na kukutana na oksijeni hubadilika, ikang'ang'ania protini za mwili. Hapo seli za Langerhans, walinzi wa kinga walioko ngozini, huibeba hadi kwenye tezi za limfu na kuionyesha kwa seli T, seli za kinga zinazoshambulia. Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua kama siku 10 hadi 14. Akipakwa tena baada ya hapo, seli T ziko tayari, na ngozi hulipuka ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo aliyechorwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia Idd anaweza kuja kliniki wiki mbili baadaye, michoro imeshaanza kufifia. Aliyechorwa pia harusi ya mwaka jana atakuja Idd pili. Tarehe ya kupakwa na idadi ya mara alizowahi kupakwa ni sehemu ya vipimo, hazijazwi kwa kukisia.

Kipimo chetu ni cha kubandika: vizio, yaani vitu vinavyoweza kuleta mzio, huwekwa kwenye vikombe vidogo vinavyobandikwa mgongoni saa 48, kisha ngozi husomwa siku ya nne na ya saba. Vifaa: vikombe vya alumini vya milimita 8, kumi kwa kila ukanda wa plasta, sirinji za vizio katika vaselini, plasta ya karatasi ya kuongezea nguvu, kalamu ya wino unaong'aa, taa ya Wood (ya miali ya urujuanimno), rula ya plastiki, kadi ya rangi kwa ajili ya picha. Vizio vinakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Sirinji ya PPD hufungwa kwa karatasi ya alumini kwa sababu mwanga na hewa huiharibu. Umeme ukikatika tunahamishia kwenye kasha la kubebea chanjo lenye kipimajoto, na muda unaandikwa daftarini.

Orodha ya msingi tuliyoichagua ina PPD 1%, nikeli salfeti 5%, kobalti kloridi 1%, potasiamu dikromati 0.5%, mchanganyiko wa thiuramu 1%, kolofoni 20%, mchanganyiko wa manukato 8%, balsamu ya Peru 25%, na mchanganyiko wa rangi za nguo 6.6%. Zote ziko katika vaselini. Fomaldehaidi 2% na methilisothiazolinoni 0.2% ziko katika maji. Tumeongeza unga wa hina safi, 10% katika vaselini, uliosagwa kutoka majani tuliyoyachuma wenyewe, ili tuwe na hakika kwamba hauna kingine ndani yake.

Sharti moja halina mjadala: piko ya mshiriki haibandikwi mgongoni kama ilivyo. Piko zilizopimwa Falme za Kiarabu zilikutwa na PPD kati ya 0.4% na 29.5%. Kuifungia ngozini saa 48 ni kumuunguza mtu, au kumpa mzio ambao hakuwa nao.

Rajabu, mwishoni: mazoezi ya kujaza vikombe

Kipimo sahihi cha vaselini kwa kikombe cha milimita 8 ni miligramu 20. Tumefanya mazoezi juu ya mizani hadi mkono umezoea. Inatoka kama mstari mfupi unaozidi kidogo nusu ya kipenyo cha kikombe. Ikizidi, inafurika chini ya plasta na kugusa jirani yake. Ikipungua, jibu la kweli linaweza kukosekana. Kwa vile vya maji ni maikrolita 15 kwa pipeti, juu ya karatasi ya kichujio.

Hesabu inayofaa kubandikwa ukutani: miligramu 20 za PPD 1% ni maikrogramu 200. Eneo la kikombe ni kama nusu sentimita ya mraba. Ngozi inapokea takriban maikrogramu 400 kwa sentimita ya mraba. Anayezidisha vaselini mara mbili anazidisha na dozi, na hapo majibu ya washiriki wawili hayalinganishiki tena.

Vizio vya vaselini vinaweza kujazwa saa moja au mbili kabla. Fomaldehaidi na manukato hujazwa mshiriki akiwa ameshakaa kitini, kwa sababu huruka hewani, na katika joto la hapa huruka haraka zaidi.

Shaabani: kuandikisha

Harusi ni nyingi kabla ya mfungo, na wapakaji hina wana kazi usiku na mchana. Tumeanza na waliowahi kudhurika miezi iliyopita, wenye ngozi iliyokwisha tulia. Mwenye vidonda vibichi habandikwi. Mgongo wa mtu ambaye mwili wake tayari umewaka huweza kujibu kila kitu, na vikombe vitano vikiwa vyekundu hujui kipi ni kweli. Tunamtibu kwanza, kisha tunasubiri angalau wiki sita.

Maswali yanayomtoa mtu kwenye orodha kwa muda:

Prednisoloni ya vidonge zaidi ya miligramu 10 kwa siku. Sindano ya triamsinoloni ndani ya wiki nne. Krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) mgongoni ndani ya wiki moja. Jua kali mgongoni wiki za karibuni, jambo linalowahusu zaidi wavuvi, wakulima wa mwani na vijana wa ufukweni. Mimba, kwa tahadhari tu. Dawa za mzio za kumeza kama setirizini hazizuii kipimo hiki, kwa hiyo haziachwi. Hizo huzuia kipimo cha kuchoma ngozi kwa sindano, ambacho ni cha mzio wa papo hapo unaoletwa na kingamwili ziitwazo IgE. Watu huchanganya vipimo hivi viwili, hata wahudumu.

Kisha mkorogo. Hili linahitaji kuulizwa faraghani, na mwanamke aulizwe na mwanamke. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, steroidi yenye nguvu kubwa kuliko zote za kupaka, na wengine hupaka mwili mzima, mgongo ukiwemo. Mgongo uliopakwa klobetasoli kila siku hunyamaza: PPD inabandikwa, saa 96 zinapita, hakuna kitu, mtu anaambiwa hana mzio, anapaka piko tena na kuishia wodini. Hatuulizi “unatumia mkorogo?” kwa sababu jibu litakuwa hapana. Tunaomba alete vyupa na makopo yote anayopaka, tunasoma maandishi pamoja. Chombo kisicho na maandishi tunakihesabu kuwa kina steroidi mpaka ithibitike vinginevyo.

Watoto hatuwabandiki PPD ya 1%. Kibandiko chenyewe kinaweza kuzalisha mzio. Kwa mtoto mwenye historia iliyo wazi ya malengelenge juu ya michoro ya piko, historia hiyo inatosha kumkataza.

Shaabani: maji, jasho na ibada

Vibandiko vinakaa saa 48 bila kuloa. Udhu haugusi mgongo, na hilo tunalieleza kabla mtu hajauliza, maana wengine hukataa kushiriki wakidhani watakosa sala. Josho la lazima ni suala jingine. Fiqhi ina mlango wa kupangusa juu ya bendeji, lakini hatutoi fatwa. Mshiriki anamuuliza sheikh wake mapema, na siku ya kubandika inachaguliwa kwa kuangalia hali yake. Wanawake wengi wameomba tarehe zisogezwe, nasi tunazisogeza.

Jasho ndilo adui mkubwa. Plasta ikilegea pembe moja, kikombe kinaacha kugusa ngozi na kipimo ni batili. Tunachofanya: mgongo unafutwa kwa ethanoli, unakauka kabisa, kisha ukanda unabandikwa kutoka chini kwenda juu, kila kikombe kikikandamizwa kwa kidole kutoa hewa. Sehemu ni mgongo wa juu, kuacha sentimita 2 au zaidi kutoka uti wa mgongo na kukwepa mfupa wa bega unaocheza. Kingo zote zinazungushiwa plasta ya karatasi. Fulana ya pamba ya zamani ndani. Hakuna kubeba mizigo mgongoni, hakuna kulima, hakuna kulala juani. Harara ikitokea chini ya plasta inaandikwa kwa kuchorwa mahali ilipo, la sivyo siku ya kusoma itachukuliwa kama majibu.

PPD inawekwa mwisho wa ukanda, mbali na rangi za nguo. Jibu lake kali linaweza kusambaa sentimita kadhaa na kumfunika jirani.

Kwa aliyelazwa au aliyepata malengelenge makubwa, hatuanzi na 1%. Tunaanza na 0.01%, yaani kama maikrogramu 4 kwa sentimita ya mraba, kisha 0.1%, kisha 0.3%, kila hatua baada ya iliyotangulia kusomwa. Anapewa ruhusa ya kubandua mwenyewe ikiwasha kwa kuunguza, na namba ya kupiga. Kibandiko kilichobanduliwa mapema kwa muwasho ni taarifa kamili. Muda wa kukibandua unaandikwa.

Kuweka alama: wino wa zambarau hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi na jasho huufuta. Kalamu inayong'aa, ikimulikwa kwa taa ya Wood chumba kikiwa giza, inaonekana siku ya nne bila shida. Zaidi ya hapo, kila mgongo una ramani yake kwenye karatasi ya plastiki angavu, yenye kipele au alama ya kuzaliwa kama nukta ya kuanzia.

Ramadhani: maabara

Kibandiko hakivunji saumu, lakini usingizi na ratiba za watu zimebadilika, na siku ya saba ingeangukia kwa wengi kwenye pilika za Idd. Tumesimamisha kubandika, tunapima piko yenyewe.

Sampuli tunazichukua katika hali tatu: unga mkavu kutoka pakiti, mchanganyiko uliokorogwa muda huohuo, na uliobaki bakulini baada ya saa moja. Namba moja peke yake hupotosha. Unga wenye PPD 20% ukichanganywa nusu kwa nusu na maji unabaki 10% unapogusa ngozi, na kadiri unavyokaa ndivyo PPD inavyooksidika na kupungua, huku vitu vipya vinazaliwa, mojawapo ikiwa besi ya Bandrowski, ambayo nayo ina uwezo wa kuamsha kinga.

Hatua: pima miligramu 100, weka kwenye mililita 10 za methanoli yenye asidi askobiki 0.1%, tikisa kwa mawimbi ya sauti, chuja kwa kichujio cha maikromita 0.45, ingiza kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuzipima, yenye safu ya C18. Asidi askobiki haikwepeki. PPD safi ni fuwele nyeupe ambazo hewa huzigeuza hudhurungi, na kimiminika kisicho na kinga hubadilika rangi mezani mbele ya macho yako, namba zikashuka kila saa. Kimiminika cha kulinganishia hutengenezwa upya kila asubuhi.

Mstari wetu wa kulinganishia, yaani kiwango ambacho mashine inapimika kwa uhakika, unafika maikrogramu 200 kwa mililita. Sampuli yenye PPD 15% itatoa 1,500, nje kabisa ya mstari, na mashine bado itaonyesha namba inayopendeza. Kwa hiyo kila sampuli hupimwa mara mbili: bila kuzimuliwa, na ikiwa imezimuliwa mara 20. Majibu mawili yakipishana, la iliyozimuliwa ndilo tunalichukua, kisha tunarudia.

Ulaya sheria inaruhusu PPD isiyozidi 2% kichwani baada ya kuchanganywa, kwa dawa za nywele. Kuipaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Marekani pia hina imeidhinishwa kwa nywele pekee. Mgeni anayechorwa Nungwi au Paje hurudi kwao kabla siku 14 hazijatimia, na mzio wake unagunduliwa huko. Hii ni sababu mojawapo mpakaji wa ufukweni husema kwa dhati kwamba hajawahi kumdhuru mtu: aliyedhurika hayuko tena hapa kumwambia.

Tahadhari kwa wafanyakazi wa maabara na kwa nyumba zote zenye piko: ikimezwa huvimbisha ulimi na koo, huvunja misuli na kuziba figo. Sudan imeandika visa vingi vya aina hii, vikiwemo vifo. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, wala mahali mtoto anapofika. Na hina safi nayo ina mpaka wake: mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo ngeni kwetu pwani, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina mwilini.

Mfungo Mosi: kliniki imejaa

Kama ilivyotarajiwa, mawimbi ni mawili: waliokwisha kuwa na mzio, siku chache baada ya Idd, na wapya baada ya wiki mbili.

Matibabu tunayofuata: kusafisha kwa maji, bila kukwangua michoro. Betamethasoni valereti 0.1% au klobetasoli 0.05% juu ya sehemu iliyofura tu, siku 7 hadi 14, kisha kuacha. Malengelenge yaliyoenea au uso kuvimba: prednisoloni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, ikipunguzwa polepole kwa wiki mbili hadi tatu. Ikitolewa siku tano na kukatwa, ngozi hufura upya, na mtu hudhani dawa ndiyo imemdhuru. Gaga la rangi ya asali ni dalili ya bakteria, linatibiwa kivyake. Baada ya kupona, michoro hubaki kama doa jeusi au jeupe kwa miezi, hasa kwa watoto, na kwa wenye asili ya makovu ya kufura huweza kubaki kovu lenyewe. Ushauri ni subira na kujikinga na jua. Kupaka mkorogo juu ya doa ni kuongeza tatizo la pili.

Mfungo Pili: kusoma migongo

Jumatatu kubandika, Jumatano kubandua, Ijumaa asubuhi kusoma kabla watu hawajaenda msikitini, Jumatatu inayofuata kusoma tena. Baada ya kubandua tunasubiri nusu saa hadi saa moja, alama za kubanwa zitoweke.

Vitabu vingi vinaanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni kivuli cha zambarau au hudhurungi iliyokoza, na anayeutafuta kwa macho tu ataandika “hasi” mahali penye jibu. Kidole ndicho kinachosoma. Funga macho, pitisha ncha ya kidole cha shahada juu ya safu nzima kutoka juu hadi chini: palipo na jibu ngozi ni nene na imeinuka. Kisha taa ya pembeni, ikilazwa karibu sawa na mgongo, ionyeshe vipele kwa vivuli vyake. Taa ya juu ya dari hufuta kila kitu. Wasomaji wawili, kila mmoja na fomu yake, wakilinganisha mwishoni.

Alama: wekundu hafifu bila unene ni ?+, unene na vipele ni +, vilengelenge vidogo ni ++, vilengelenge vilivyoungana kuwa lengelenge kubwa ni +++. Jibu la kuungua hukaa ndani ya duara la kikombe, kingo zimekatika, na linapungua kutoka Jumatano hadi Ijumaa. La mzio linavuka duara, linawasha, na linakua. Ndiyo maana Ijumaa haiachwi. Mshiriki anayekuja Jumatano tu tunamwandika “hakukamilika”, hata kama mgongo wake ulikuwa safi. Kobalti huacha nukta ndogo za damu zinazofanana na jibu, na dikromati huleta vijipu. Vyote viwili kwa kawaida si mzio.

Kibandiko cha PPD kilichokuwa kimya Ijumaa na Jumatatu, kikaamka baada ya siku ya kumi, kinaweza kumaanisha kwamba sisi ndio tuliompa mzio. Kila mshiriki ameambiwa hili kabla ya kutia saini, na ana agizo la kurudi papo hapo. Akirudi, anabandikwa upya kwa 0.01% baadaye: ikijibu ndani ya siku tatu, mzio umethibitika, na unaingia kwenye taarifa ya kamati ya maadili kama madhara ya utafiti.

Mwenye PPD chanya anaondoka na kadi ya Kiswahili: piko na dawa zote za nywele zenye PPD au ndugu yake toluini-2,5-diamini ni marufuku; benzokaini ya kupaka, ambayo ni dawa ya ganzi, aitaje kwa daktari wa meno, na ganzi ya lidokaini ni salama kwake; nguo nyeusi za poliesta azichunguze. Hii ya mwisho inawagusa wavaaji wa buibui. Rangi za nguo za aina fulani zina undugu wa kikemia na PPD, na upele wake hukaa pembeni mwa kwapa, shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko, pale kitambaa na jasho vinapokutana, huku katikati ya kwapa pakibaki salama.

Kinachofuata ni vipande vya buibui vyenyewe. Kila mwenye jibu la PPD au la rangi za nguo ameombwa kuleta kipande cha sentimita 2 kwa 2 kutoka kwenye pindo. Kitalowekwa majini dakika 10, kibandikwe saa 48 pamoja na kipande cha pamba nyeupe cha kulinganishia, na kusomwa kwa ratiba ileile. Pindo lichukuliwe upande wa ndani, ambako halijafuliwa sana na rangi bado ni nyingi.